UZI: Spana ya racheti ya fundi baridi – ipi ununue, inafungua vali gani, na shina la vali linaharibikaje

Mwanagenzi_Baridi
Wakuu salaam, na shikamooni wakubwa. Nataka kununua spana ya racheti ya kazi ya AC na friji, ile fupi yenye matundu ya pembe nne. Madukani naona aina mbili. Moja ina vichwa viwili na kila kichwa kina matundu mawili. Nyingine ina tundu moja tu linalozunguka kwa racheti, matundu mengine yametobolewa kwenye mpini na hayazunguki. Bei zinapishana sana. Kazi zilizo mbele yangu ni split (AC zenye kitengo cha ndani na cha nje) za majumbani na chumba kimoja cha baridi cha kuhifadhia samaki. Ipi inafaa? Na kwenye split inatumikaje, maana vali zake naona zina tundu la alen (ufunguo wa pembe sita)?

Kompresa_Kubwa
Mkuu, anza na vipimo ndipo uende kwenye bei. Ile ya matundu manne kwa kawaida ina inchi 1/4 na 3/8 kichwa kimoja, 3/16 na 5/16 kichwa cha pili. Kwa milimita ni hivi: 3/16 ni 4.76, 1/4 ni 6.35, 5/16 ni 7.94, na 3/8 ni 9.53. Nenda dukani na venia kalipa, pima tundu la 1/4 kutoka ubavu hadi ubavu. Likizidi 6.5 liache hapohapo. Tundu pana halishiki bavu za shina, linashika pembe, na pembe ndizo zinazolika kwanza.

Kwenye chumba chako cha baridi, tundu litakalofanya kazi kila siku ni la 1/4. Vali nyingi za huduma kwenye kompresa ndogo na za kati, na ile ya kutokea kwenye tangi la kioevu (linalohifadhi gesi ya kupoza ikiwa kioevu), zina shina la 1/4. Mashine zikiwa kubwa unakutana na 5/16 na 3/8. Tundu la 3/16 ni la vali ndogo na mitambo ya zamani, hulitumii mara nyingi, ila siku ukilihitaji hakuna mbadala.

Kuhusu aina mbili ulizoziona: zote ni nzuri kama chuma ni kizuri, lakini mimi naipendelea yenye angalau tundu moja la 1/4 lisilozunguka. Shina lililokaza lifunguliwe kwa tundu lisilozunguka, likishalegea ndipo uhamie kwenye racheti. Ndani ya racheti kuna kijino kidogo na springi yake, na nguvu yote unayovuta inapita kwenye kijino hicho. Kikikatika ghafla mkono unakwenda kwenye ukingo wa bati la mashine.

Nusu_Inchi
Naongezea upande wa split, kwa sababu hapa wengi wanachanganya.

Vali za split hazina shina la pembe nne lililojitokeza. Ukifungua kifuniko unakuta tundu la pembe sita ndani ya shaba. Kwa hiyo racheti yako peke yake haifai kitu hapo, unahitaji adapta: kipande chenye pembe nne ya 1/4 upande mmoja, inayoingia kwenye racheti, na pembe sita upande wa pili. Wauzaji wengi wanaiuza racheti pamoja na adapta za pembe sita za 3/16 na 5/16, ambazo ni za mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani. Split zetu nyingi zinatoka Asia na vipimo vyake ni milimita: 4, 5, na 6 kwenye mabomba makubwa.

Sasa angalia hesabu. 5/16 ni 7.94, inakaa vizuri kwenye tundu la 8. 5/32 ni 3.97, inakaa kwenye 4. Lakini 3/16 ni 4.76, na ukiiingiza kwenye tundu la 5 inacheza karibu robo milimita. Shina hilo ni shaba laini. Mara moja, mara mbili, pembe sita imekuwa duara na vali haifungi wala haifunguki. Hapo dawa ni kutoa gesi yote, kukata na kuchomelea vali mpya. Kwa hiyo nunua adapta ya 5 mm kivyake, au tumia alen ya kawaida ya 5 mm iliyonyooka kingo. Alen iliyochakaa ncha ikate kwa msumeno wa diski milimita tatu, itapata kingo mpya.

Jambo la pili ni nguvu. Vali ndogo za split zinafungwa kwa takribani N·m (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 5 hadi 7 tu. Kwenye mpini wa sentimita 15 hiyo ni sawa na kuvuta kilo 4 hivi, vidole viwili vinatosha. Ukivuta kilo 20, jambo rahisi kabisa kwa mkono wa mtu mzima, umeweka N·m 30. Kiti cha vali (sehemu shina linapokaa kuziba gesi) kinachimbika, na kuanzia siku hiyo vali inapitisha gesi hata ikiwa imefungwa.

Jambo la tatu, na hili ni la usalama. Unapofungua vali ya split zungusha kinyume cha saa mpaka shina liguse kizuizi, kisha simama. Kwenye vali nyingi kizuizi hicho ni ukingo mwembamba wa shaba uliokunjwa ndani, au kipete cha chuma. Racheti haikupi hisia kama alen, unaendelea tu kupiga tiki-tiki. Ukilazimisha, shina linatoka lote likisukumwa na gesi nyuma yake. R410A, moja ya gesi za AC, ikiwa imetulia kwenye nyuzi joto 25 ina presha ya takribani PSI 225, na kwenye nyuzi 50 inapita PSI 400. Zungusha mizunguko miwili ya mwisho kwa vidole, uso ukiwa pembeni ya mstari wa shina.

Mwanagenzi_Baridi
Asanteni sana wakuu. Sasa kwenye kompresa ya chumba cha baridi, naomba hatua kwa hatua namna ya kuunganisha geji kwenye vali ya shina la pembe nne. Nasikia watu wanasema vali ikae nyuma, ikae mbele, sijaelewa vizuri.

Bi_Geji
Mdogo wangu, hili ndilo la kulielewa kabla hata hujainunua hiyo spana.

Vali ya huduma ya kompresa ina njia tatu: upande wa bomba, upande wa kompresa, na mdomo mdogo wa kufungia hosi ya geji. Shina lina viti viwili, kimoja nyuma na kimoja mbele.

Ukizungusha kinyume cha saa mpaka mwisho, vali imekaa nyuma. Bomba na kompresa zinawasiliana, mdomo wa geji umefungwa. Hivi ndivyo mashine inavyofanya kazi kila siku.

Ukizungusha kufuata saa mpaka mwisho, imekaa mbele. Bomba limezibwa, kompresa inawasiliana na mdomo wa geji tu.

Katikati, njia zote tatu ziko wazi.

Tofauti na split ni kwamba mdomo wa split una pini ya springi ndani, kama ya tairi. Ukitoa hosi inajifunga yenyewe. Mdomo wa kompresa kubwa mara nyingi hauna pini. Kinachouzuia gesi isitoke ni shina lililokaa nyuma, hakuna kingine. Fundi aliyezoea split anafungua kifuniko cha mdomo bila kuhakikisha shina liko nyuma, gesi inamrukia usoni pamoja na mafuta.

Hatua zenyewe:

1. Fungua kifuniko cha shina kwa spana ya saizi yake, polepole. Kama gilandi (nati yenye pakingi inayoziba kuzunguka shina) inavuja, chini ya kifuniko kuna gesi iliyokusanyika. Izungushe mzunguko mmoja, subiri itoke, kisha endelea.

2. Safisha shina kwa brashi na kitambaa kabla ya kuligusa kwa racheti. Kutu na rangi zikiingia kwenye gilandi zinakata pakingi. Tone moja la mafuta ya kompresa linatosha.

3. Legeza nati ya gilandi robo mzunguko. Robo tu. Kazi yake ni kubana pakingi kuzunguka shina, na ukizungusha shina bila kuilegeza pakingi inasagika. Ukiilegeza kupita kiasi pakingi inasukumwa nje.

4. Weka racheti, zungusha kinyume cha saa kuhakikisha shina limekaa nyuma kweli. Usiamini kwamba aliyekutangulia aliliacha nyuma.

5. Sasa fungua kifuniko cha mdomo, taratibu. Ikiendelea kupumua baada ya sekunde kadhaa, kiti cha nyuma hakifungi. Rudisha kifuniko.

6. Funga hosi. Zungusha shina kufuata saa nusu mzunguko hadi mmoja. Geji itapanda. Kwa kusoma presha hiyo inatosha kabisa. Ukitaka kuingiza gesi, nenda mizunguko miwili.

7. Toa hewa iliyomo kwenye hosi kwa kulegeza kidogo upande wa geji, sekunde moja, kaza.

8. Ukimaliza, rudisha shina nyuma mpaka likae, punguza presha ya hosi kupitia upande wa chini, toa hosi, kaza gilandi, pima kwa maji ya sabuni, rudisha vifuniko vyote viwili na gasketi zake.

Kwenye hiyo hatua ya 6 ndipo racheti fupi inapofaa. Unaifungua vali robo mzunguko kila mara huku jicho likiwa kwenye geji, bila kutoa spana na kuirudisha. Spana malaya (ya kurekebisha mdomo) inateleza kila unapobadilisha mkono, na plaiz inang'ata pembe.

Na kanuni isiyo na mjadala: vali ya upande wa presha kubwa ISIKAE MBELE kompresa ikiwa inazunguka. Gesi haina pa kwenda, presha inapanda ndani ya sekunde chache, gasketi ya kichwa inapasuka au vali za ndani zinavunjika. Kama unalazimika kuikalisha mbele kwa ajili ya matengenezo, zima umeme kwenye swichi kuu, funga kwa kufuli, na tundika karatasi.

PwaniBaridi
Nawapata kutoka Mombasa. Huku chumvi ya bahari ndiyo adui, na nadhani Tanga, Dar na Unguja ni vivyo hivyo. Mashine ikikaa miaka mitatu bila kuguswa, kifuniko cha shaba kinageuka kijani na shina la chuma ndani linashika kutu kama mtu alisahau gasketi.

Shina lililokwama lisilazimishwe kwa racheti. Tumia tundu lisilozunguka. Paka mafuta ya kupenya kwenye mzingo wa shina, ngoja dakika kumi na tano au zaidi. Legeza gilandi kidogo zaidi ya kawaida, huku ukisikiliza kama inavuja. Kisha usilisukume upande mmoja: lipeleke mbele kidogo sana, lirudishe, mbele, rudisha, kila mara ukiongeza hatua. Kutu inasagika na kutoka badala ya kujikunja ndani ya pakingi. Likigoma, mwagia kitambaa maji ya moto na ukizungushie mwili wa vali.

Moto wa gesi usikaribie hapo. Nimesikia wanaoshauri kupasha vali kwa tochi. Pakingi inaungua, presha ya ndani inapanda, na gesi ikivuja ikagusa mwali wa moto inageuka kuwa asidi inayochoma mapafu. R22 ikiungua inaweza hata kutoa fosjeni, ambayo ni sumu. R32 yenyewe inashika moto, seuze R290 (propani).

Ukishalifungua, usiondoke bila kubadilisha gasketi ya kifuniko. Kwenye hewa ya bahari kifuniko ndicho kizuizi cha pili cha uvujaji na ndicho kinachozuia chumvi.

Spana_Moja
Wakuu, kwa shina gumu si unachomeka kipande cha bomba kwenye mpini unapata nguvu? Na hiyo hiyo racheti naona wengine wanakazia hata nati za flea (za kuungia mabomba yaliyopanuliwa ncha).

Kompresa_Kubwa
Hapana kaka, kwa yote mawili.

Bomba kwenye mpini linaweza kugeuza kilo 20 za mkono kuwa sawa na kilo 60 za kuvuta mpini wenyewe. Kisipokatika kijino, linasokoteka shina. Shina lililosokoteka ndani ya vali maana yake ni kutoa gesi yote ya chumba, na samaki hawatakusubiri.

Nati za flea ni kazi nyingine kabisa. Zinataka spana mbili, moja ya kushikilia upande wa vali na moja ya toki (inayopima nguvu ya kukazia). Nati ya 1/4 ni takribani N·m 14 hadi 18, ya 3/8 ni 33 hadi 42, ya 1/2 ni 50 hadi 60, ya 5/8 ni 62 hadi 75. Upana wa nati kwa R410A na R32 ni mm 17, 22, 26 na 29 kwa mfuatano huohuo. Zile za R22 kwenye 1/2 na 5/8 ni ndogo kidogo, 24 na 27, kwa hiyo usishangae spana ya toki ikicheza. Tone la mafuta ya kompresa nyuma ya flea, siyo kwenye nyuzi za nati. Ikikazwa chini ya hapo inavuja, ikikazwa zaidi flea inakuwa nyembamba na kupasuka ikianza kupata joto na baridi.

Mwanagenzi_Baridi
Nimeelewa mkuu. La mwisho kwangu: kukusanya gesi ndani ya autodo (kitengo cha nje) kabla ya kuhamisha split. Utaratibu ni upi ukiwa na racheti na adapta ya 5?

Nusu_Inchi
Kwanza hakikisha mfumo hauvuji na una gesi. Hili siyo la kujaza nafasi. Mfumo unaovuja upande wa presha ndogo, ukiuvuta hadi chini ya sifuri, unavuta hewa. Hewa ikichanganyika na mvuke wa mafuta na kubanwa ndani ya kompresa, mchanganyiko unajiwasha kwa joto la mbano, kama injini ya dizeli. Autodo inapasuka. Split isiyo na gesi ya kutosha haikusanywi, inatolewa kwa mashine ya kuvuta gesi.

Utaratibu: funga hosi ya geji ya presha ndogo kwenye mdomo wa vali ya bomba nene. Kwa R410A na R32 mdomo ni wa 5/16, hosi za R22 ni za 1/4, kwa hiyo uwe na adapta. Toa vifuniko vyote viwili vya mashina na uhakikishe alen inaingia mpaka chini kwenye zote mbili, kabla ya kuwasha. Washa kwa ubaridi wa lazima, kwa mashine nyingi ni kubonyeza kitufe cha dharura cha kitengo cha ndani kwa sekunde tano hivi. Ukitumia rimoti, mashine ya inveta (inayojirekebisha kasi) itapunguza kasi na kazi itachelewa.

Iache izunguke dakika tano hadi kumi itulie. Funga vali ya bomba jembamba, kufuata saa, mpaka ikae. Hapa racheti inasaidia kweli, maana mara nyingi autodo imebanwa ukutani na alen haina nafasi ya kuzunguka. Sasa usiangalie kitu kingine, angalia geji. Inashuka ndani ya dakika moja hadi tatu kwa mashine ndogo. Ikikaribia PSI 5, hamisha racheti kwenye vali ya bomba nene na uifunge, ikigusa sifuri iwe imeshakaa. Zima papo hapo.

Racheti igeuzwe upande wa kufunga mapema. Ukianza kutafuta kiswichi chake wakati sindano imeshafika sifuri, umechelewa. Na nati za mabomba hazilegezwi mpaka kompresa imesimama kabisa.

Kama sindano haishuki baada ya dakika tatu, zima. Ama vali ya bomba jembamba inapitisha, ama kompresa imechoka kubana.

Bi_Geji
Kwenye chumba cha baridi kukusanya gesi ni tofauti kidogo. Unaikalisha mbele vali ya kutokea kwenye tangi la kioevu, mashine inavuta mpaka swichi ya presha ndogo inaizima. Usiruke hiyo swichi na kuvuta mpaka vakyumu, hasa kompresa ikiwa ya skroli (inayobana gesi kwa sehemu mbili za umbo la konokono). Acha presha chanya kidogo, PSI 1 au 2, ili ukifungua bomba hewa isiingie. Presha itapanda tena kwa sababu gesi iliyomo kwenye mafuta bado inachemka, kwa hiyo rudia mara mbili au tatu mpaka itulie. Na kabla ya yote jiulize kama tangi linaweza kubeba gesi yote: kioevu kisizidi asilimia 80 ya ujazo wake.

PwaniBaridi
Kuhusu kuitunza racheti yenyewe: kila wiki ichovye kichwa kwenye spiriti au dizeli, izungushe mpaka mchanga utoke, ipulize, kisha tone moja la mafuta mepesi. Usiweke grisi. Grisi nzito inakishikilia kijino kisirudi kwa springi, na racheti inaanza kuruka meno. Ikiruka meno hata mara moja ukiwa huna mzigo mkubwa, isitumike tena kwenye shina.

Kaskazini_Baridi
Naomba kuuliza. Kuna chumba cha maziwa, mashine ikihudumiwa tu swichi ya presha ndogo inaacha kufanya kazi. Swichi imebadilishwa lakini shida ni ileile. Inahusiana na vali?

Bi_Geji
Inahusiana moja kwa moja. Angalia bomba jembamba la swichi limefungwa mdomo upi. Vali nyingine zina midomo miwili: mmoja uko wazi kwa kompresa wakati wote, mwingine unafungwa shina likikaa nyuma. Kama swichi imefungwa kwenye huu wa pili, kila fundi anayerudisha shina nyuma mpaka mwisho anaipofusha swichi, hata iwe mpya.

Hamisha bomba la swichi kwenye mdomo ulio wazi daima. Kama vali ina mdomo mmoja tu, rudisha shina nyuma mpaka likae, kisha lete mbele mzunguko mmoja kufuata saa, kaza gilandi, pima kwa sabuni. Andika kwa kalamu ya rangi kwenye mwili wa vali: "SWICHI – MZUNGUKO 1 MBELE". Na ajaye kufunga geji hapo ajue kwamba mdomo huo una presha. Lazima akalishe shina nyuma kwanza ndipo afungue, na akimaliza alirudishe kwenye mzunguko huo mmoja.